Mazao Manne ya Ukoo Mmoja

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Mama Nyanya alikwenda kwenye ua wa miti akachungulia shamba la wifi yake. Hakuna alichokitafuta pale. Alikuwa akijiumiza roho tu.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alilima ng'ambo ya ua. Wote wawili walitumia samadi na mboji, bila dawa wala mbolea za dukani. Jiko la hospitali lilinunua mboga za namna hiyo peke yake, na kwa miaka minne Mama Nyanya ndiye aliyezipeleka. Alilima nyanya tupu, ndiyo maana watu wakamwita hivyo.

Kisha nyanya zikaanza kunyauka. Majani yangali mabichi, mche unalala.

"Tenga nusu tena?" mpishi mkuu alimwuliza. "Wifi yako ana mahindi, kunde, vitunguu na kabichi. Mambo yakiendelea hivi msimu ujao, nafasi yako nampa yeye."

Mama Nyanya alibeba tenga lake akaondoka. Nafasi apewe mtu yeyote, lakini si yule.

"Dada yako anapiga dawa kwa siri," alimwambia mumewe wakila. "Hata viwavi hawamtembelei."

"Una wivu wewe."

"Sina wivu. Nasema ninachokiona."

"Unachokiona kwenye tundu la ua."

Msimu uliofuata akaamua kumkomesha. Kama siri ni mazao manne, hata yeye anaweza. Akapanda nyanya, biringanya, pilipili hoho na viazi mviringo, kwenye matuta yale yale. Vilipochipua vizuri, alikata matawi ya ua ili wifi yake aone vizuri.

Wiki ya saba nyanya zikalala. Biringanya zikafuata, kisha viazi, kisha hoho. Akamwita bwana shamba.

Bwana shamba alikata shina la mnyanya, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Baada ya muda mfupi, nyuzi nyeupe kama maziwa zikashuka kutoka kwenye shina.

"Huu ni mnyauko wa bakteria," alisema. "Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo miaka."

"Lakini nimechanganya mazao."

"Umechanganya majina, mama. Hivi vinne ni ukoo mmoja. Ugonjwa ulikuwa unakula nyanya, wewe ukauletea na binamu zake."

Mama Nyanya alitamani ardhi ipasuke.

"Basi nilime kila kitu?"

"La. Ukilima vitu kumi, vingine vitakushinda kuvitunza. Lima vichache, vya koo tofauti, na kila msimu uvihamishe tuta. Ng'oa hivi vigonjwa uvichome, usivitupe kwenye mboji. Hapa panda mahindi, vitunguu na kunde kwa miaka kadhaa. Nyanya zitafutie udongo ambao haujaugua. Na kabla ya kwenda huko, osha jembe na miguu."

"Mbegu nitazipata wapi saa hizi?"

Bwana shamba aligeuka akatazama ua. Mama Nyanya alielewa, na roho ikamwuma upya.

Jioni alibisha hodi. Wifi yake alikuwa mkekani akichambua kunde.

"Karibu wifi. Leo umepita mlangoni?"

Mama Nyanya aliona aibu. "Kumbe ulijua?"

"Nilijua. Mimi huchungulia kule nyuma ya banda, tundu lake ni kubwa zaidi. Nyanya zako zilikuwa zinanikosesha usingizi. Mimi zilinikataa mapema kwa kutojua kuzilea, ndiyo maana nikahangaika na mengine."

Katika maisha yake yote, Mama Nyanya hakuwahi kusikia habari tamu kama hiyo. Aliketi mkekani akaanza kuchambua kunde.

Aliondoka na mbegu na ruhusa ya kutumia tuta moja la wifi yake, lililotoka kuvunwa mahindi. Wifi naye alitaka afundishwe kulea nyanya. Msimu huo matenga yao yalifika hospitali yamejaa, na mpishi mkuu akawapa nafasi wote wawili.

Mama Nyanya bado huenda kwenye ua kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Huchungulia nyanya nzuri, nyekundu, zilizojaa upande wa wifi yake. Kisha hukumbuka kwamba ni zake, akaenda kunawa.