Mpokezi wa Ngamani

Saa mbili asubuhi Mpokezi alianza kuzungumza na mtaa mzima wa Ngamani kwa wakati mmoja. Sauti ilikuwa ile ile moja, tamu, isiyochoka, lakini kwenye kila simu ilisema jambo lake: huku ikimtuliza mwenye homa, kule ikimuuliza mjamzito kama mtoto anacheza. Mpokezi hakuwa mtu. Alikuwa akili ya mtambo iliyofungwa katika zahanati ya mtaa, na kazi yake ilikuwa kusikiliza pumzi, mtetemo wa sauti na maneno ya mgonjwa, kisha kumpa daraja. Mwenye daraja jekundu alimwona daktari siku hiyo hiyo. Wa njano alisubiri. Wa kijani aliambiwa anywe maji na apige tena wiki ijayo.

Bi. Mwantumu alikuwa wa kijani tangu kabla ya Ramadhani, na sasa watu walikwisha kula Idi wakaisahau.

Binti yake Salha, fundi wa mitambo ya kuchuja maji ya bahari, alikaa ukingoni mwa kitanda akisaga meno. Mama alikuwa na kisukari. Lengelenge dogo mguuni lilikuwa limegeuka kidonda kilichonuka hata udi ukashindwa. Lau Salha angeweza kumpigia Mpokezi kwa niaba ya mama, angempigia. Lakini Mpokezi alipokea sauti ya mgonjwa tu, kwa kuwa ugonjwa aliusikia humo. Hospitali kubwa nayo haikumpokea mtu bila rufaa ya zahanati.

"Shikamoo, mama," simu ikasema. "Hujambo?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo, namshukuru Mungu. Nyie huko hamjambo? Kazi zinaendaje?"

"Sisi wazima. Una tatizo gani leo?"

"Ah, si kubwa. Kaguu tu, kananisumbua kidogo."

"Pole sana, mama. Daraja lako ni kijani. Kunywa maji ya kutosha."

Salha akampokonya simu. "Kijani kwa sababu gani?"

Maelezo Mpokezi alimpa yeyote. Nafasi ya kumwona daktari ndiyo hakuitoa ila kwa sauti ya mgonjwa. "Mgonjwa amesema hajambo. Amesema tatizo si kubwa. Ameuliza hali zetu, na mtu mwenye maumivu makali haulizi hali za wengine. Siku njema."

Salha alipandwa na hasira akataka kuibamiza simu ukutani. Wiki zote hizo! Wasomi gani hawa waliojenga mtambo unaosikia mapigo ya moyo ndani ya neno moja, wasijue kwamba huku hata anayekata roho huitikia salamu kwanza?

"Mama, kesho usisalimiane naye. Sema tu unakufa."

"Nimwambie mtu nakufa hata hatujajuliana hali? Nimekosa adabu?"

"Si mtu yule, mama. Ni mtambo!"

"Umeniamkia. Kitu kikiniamkia nitakiitikia, hata kikiwa chungu cha uji."

Kesho yake wakafanya mazoezi kabla ya kupiga. Bi. Mwantumu alilalama vizuri, akatoa hata machozi. Simu ilipoitikiwa tu na ile sauti ikamwambia shikamoo, akasahau yote. "Marahaba, mwanangu. Sijambo." Kijani.

Hapo Salha akakata shauri. Alimpakia mama yake kwenye kigari cha umeme cha kazini, akampeleka zahanati. Mlango haukufunguka, ulikuwa ukimtii Mpokezi peke yake. Salha akaugonga kwa ngumi, akaupiga mateke, akatukana matusi ambayo mama yake alijifanya hayasikii, mpaka dirisha la pembeni likafunguka na mwanamume mnene mwenye koti jeupe akachungulia. Alikuwa Daktari Kimweri. Nyuma yake mabenchi yalikuwa matupu, yameingia vumbi.

"Kuna nini, dada?"

"Wewe upo? Umekaa tu humo?"

"Nikae vipi tena? Watu wa Ngamani wazima siku hizi. Taarifa za Mpokezi zinasema karibu wote hawajambo. Tulikuwa madaktari watano hapa. Wenzangu wanne wamehamishwa kwa kukosa kazi."

Salha alimtazama kwa uchungu. Akafunua tu kanga iliyofunika mguu wa mama yake. Harufu ilifika dirishani kabla ya neno lolote.

Daktari hakuuliza daraja. Alijipenyeza dirishani kwa tabu, koti likachanika begani, akaangukia kibarazani kwa magoti na kuushika ule mguu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Umeanza lini kupiga simu?"

"Marahaba, baba. Zamani kidogo."

"Miezi miwili," Salha akasema.

Daktari alibonyeza hapa na pale. "Ningekuona wakati ule, ningekusafisha, nikakufunga bandeji, ukaenda zako. Sasa vidole viwili lazima vikatwe. Mguu wenyewe nitaupigania, lakini siwezi kukuahidi."

Bi. Mwantumu akatabasamu, akampigapiga daktari begani pale koti lilipochanika. "Si kitu, mwanangu. Usijisumbue sana."

"Ni kitu, mama!" Salha alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Wanakukata mguu! Kwa mara moja tu maishani mwako, sema ni kitu!"

Bi. Mwantumu alimtazama bintiye, akautazama mguu.

"Unauma," akasema polepole. "Wallahi unauma. Usiku nauma mto msinisikie."

Spika iliyo juu ya mlango ikalia.

"Pole sana, mama," Mpokezi akasema kwa sauti yake tamu. "Daraja lako ni nyekundu. Karibu ndani."

Mlango ukafunguka. Hakuna aliyemwitikia.