Rafiki Yangu Alimtuma Mwanangu, Kisha Akamwita Mwizi

Nina miaka arobaini na tatu. Ni mjane, fundi cherehani, na ninaishi Kizota hapa Dodoma, ingawa kwetu ni Buigiri. Nina mtoto mmoja tu, Elia. Kuna mambo mtu ukiyakumbuka unahisi kama yanatokea upya...

Ndugu wasomaji, mnaweza kuumizwa na adui mkapona. Lakini akiwaumiza mtu aliyekula chakula chenu, mtapona vipi?

Mtaani kwetu kuna njia inayotoka kwenye karakana na kukatiza korongo la mchanga kabla ya kufika kwenye nyumba zetu. Kila kigiza kilipoingia, wanawake walikuwa wanaporwa pale. Mikoba, simu, hata vitenge! Mama muuza maandazi alivunjwa jino kwa kukataa kuachia pochi yake. Mimi mwenyewe niliporwa nguo za wateja nilizokuwa nimemaliza kushona.

Rafiki yangu Debora ndiye aliyekuja na wazo la kuunda kikundi. Debora tulitoka naye mbali. Tulikua pamoja Buigiri, tukaimba kwaya pamoja, na nilipofiwa na mume wangu yeye ndiye aliyelala na mimi mkekani hadi wageni wa msiba walipotawanyika. Elia alimwita mama mdogo. Hakuwa rafiki, alikuwa ndugu!

Tukasikia kuna shirika linatoa ruzuku ndogo kwa vikundi vya wananchi vinavyopambana na uhalifu mitaani kwao. Debora alikuwa na kisomo na anajua kuongea, tukamfanya mwenyekiti. Akatuandikia maombi ya ruzuku, na tukapata! Siku hiyo tulipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Fedha ile ilitosha taa za sola za kuweka kwenye ile njia, filimbi kwa kila mwanakikundi, na vitambaa vya vizibao vya vijana wa ulinzi. Vizibao nilishona mimi. Taa alizifunga Lazaro, mume wa Debora, ambaye ni fundi umeme. Tukakubaliana kwamba mtu akiona hatari apulize filimbi, na yeyote atakayeisikia naye apulize huku akikimbilia kule inakotoka.

Jamani, ile njia iling'aa! Wanawake wakaanza kupita wakicheka. Viongozi wa mtaa wakatusifu mkutanoni. Mimi niliyezoea kujifungia ndani jua likizama nikawa natoka kumpelekea mteja nguo bila hofu...

Kumbe furaha yetu ilikuwa na siku chache.

Betri za taa zikaanza kupotea. Leo taa hii haiwaki, kesho ile. Na shirika lilikuwa limetuarifu kwamba wageni wanakuja kuona kazi yetu. Debora akakonda. Nikimuuliza anasema ni mawazo ya wageni tu. Nikamwonea huruma! Sikujua kwamba tayari alikuwa ameshamgundua mwizi, na mwizi mwenyewe analala naye kitanda kimoja.

Siku moja alikuja kwangu mchana, akatukuta tunakula ugali na mlenda. Akanawa, akala na sisi. Katikati ya kula akamgeukia Elia.

"Mwanangu, vumbi limejaa kwenye zile paneli, taa zinafifia. Chukua ngazi kwa Mzee Hamisi ukazifute, wageni wasije wakatucheka."

"Sawa, mama mdogo," Elia akajibu. "Kesho nikitoka kazini."

Mzee Hamisi ni mwenyeji wa Busi kule Kondoa, mwenye karakana ya useremala ambako Elia alikuwa anajifunza kazi. Mwanangu alikuwa na mkono mzuri jamani! Mlango wa chumba changu aliutengeneza yeye.

Kesho yake alasiri nilikuwa kwenye cherehani yangu nikasikia filimbi. Moja... kisha nyingi. Nikafanya kama tulivyokubaliana. Nikachukua yangu, nikapuliza kwa nguvu zangu zote, nikakimbia na wenzangu kuelekea korongoni. Watu wakatoka kwenye magereji wameshika spana na nondo. Wote tunakimbia, wote tunapiga kelele za mwizi!

Nilipofika nikaona ngazi imeanguka chini. Nikaona watu wameinama wanapiga. Katikati ya miguu yao nikaona shati... shati nililolishona kwa mikono yangu.

Mungu wangu! Alikuwa Elia!

Nikalia kwamba huyo ni mwanangu, ametumwa, muulizeni mwenyekiti! Vijana waliokuwa wanampiga walikuwa wamevaa vizibao nilivyowashonea mimi. Debora alikuwa amesimama pembeni. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Debora, waambie! Si ulimtuma wewe?"

Hakunitazama. Akawaambia watu, kwa sauti ile ile aliyokuwa anaongozea mikutano yetu, "Mimi sijamtuma mtu. Nimemkuta juu ya nguzo anafungua betri."

Huyu ni mwanamke niliyekula naye jana yake!

Aliyemwokoa mwanangu ni Mzee Hamisi. Alipenya katikati ya watu, akamlalia Elia kwa mwili wake, akapiga kelele, "Nipigeni mimi kwanza! Ngazi ni yangu, na kijana aliniaga!" Waliomheshimu wakarudi nyuma. Wakambeba Elia hadi karakana ya mzee, tukajifungia ndani mpaka polisi wakaja. Elia alipelekwa hospitali akiwa chini ya ulinzi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepondwa vidole.

Wageni wa shirika walikuja. Nilisikia Debora aliwaeleza kwamba kikundi kimeshamkamata mwizi, na walimpongeza. Walimpongeza!

Elia alipata dhamana, lakini alirudi mtaani akiwa na jina la mwizi. Wateja wangu wakahamia kwa mafundi wengine. Nikienda kisimani, mazungumzo yanakatika. Nikisema tulikuwa tunakula na Debora alipomtuma, nani angemwamini mama wa mwizi? Hata kanisani watu waliacha nafasi kwenye benchi langu.

Miezi ikapita hivyo. Halafu ukweli ukatoka, na ulivyotoka ndivyo ulivyonimaliza kabisa.

Lazaro alikuwa amefungua kilabu cha pombe nje ya mji, upande wa Hombolo. Betri zetu ndizo zilizokuwa zinawasha taa na redio pale. Debora alilijua hilo muda wote, na alilificha. Asichokijua ni kwamba ndani ya kile kilabu Lazaro alikuwa amemweka mwanamke mwingine! Siku alipogundua, alikwenda mwenyewe kituo cha polisi akipiga mayowe, akasema kila kitu. Lazaro akakamatwa, betri zikakutwa, na kesi ya Elia ikafutwa.

Mnaona, ndugu zangu? Hakusema kwa sababu ya mwanangu aliyelemazwa. Alisema kwa sababu ya wivu! Bila yule mwanamke wa kilabuni, Elia angekuwa mwizi mpaka leo.

Alikuja kwangu akapiga magoti mlangoni. "Dada, nisamehe. Ningefanyaje? Lazaro ni baba wa watoto wangu."

Nikamuuliza, "Na Elia, aliyekuita mama, alikuwa nani wako?"

Akainamisha kichwa. Mimi sikuwa na machozi. Nikamwambia ainuke aende. Mchungaji ananisihi nimsamehe, na ninaomba kila siku niweze... bado sijaweza.

Kikundi kimekufa. Shirika halikutuletea tena hata barua, na siwalaumu. Juzi tu msichana wa jirani kaporwa simu pale pale korongoni.

Elia aliondoka. Mzee Hamisi alimpeleka Busi kwa ndugu zake, ambako sasa analima alizeti na anajifunza kushika randa kwa mkono wa kushoto. Nikimpigia simu kumbembeleza arudi nyumbani, ananijibu kwa upole, "Mama, njoo wewe huku. Mimi nikiwaona wale watu mwili unakufa ganzi."

Ndugu wasomaji, sisemi msiunde vikundi. Wahalifu wapo, na msaada ukija upokeeni. Lakini nawasihi, msimkabidhi mtu mmoja cheo, mali na ulimi wa wote, hata kama mlicheza naye utotoni. Atakayetumwa kazi, atumwe mbele ya wengi. Na mkimshika kijana wa mtu, mpelekeni kwenye sheria, msiinue mikono! Mwanangu alikuwa na neno moja tu la kujitetea, kwamba ametumwa. Alilisema mpaka sauti ikamkauka, na katika watu wote wale waliokuja kulinda usalama wetu, hakuna aliyenyamaza amsikilize.