Shoti ya Landrova ya Karmali

Niliyoyaona kwa macho yangu nitasema niliyaona. Niliyosimuliwa nitasema nilisimuliwa. Sipendi watu wanaochanganya.

Aliyepatwa ni shemeji yangu Abrahamu, mume wa dada yangu Bibiana. Alikuwa fundi umeme wa magari katika gereji moja ya Chumbageni, na mwaka ule wa 1984 mimi nilikuwa nauza mihogo na chai mlangoni hapo. Chai yenyewe siku nyingi haikuwa tamu. Nani alikuwa na sukari mwaka ule?

Siku mambo yalipoanza ilikuwa Jumatatu kama Jumatatu nyingine. Mafundi walikuwa wanabishania mpira, na Landrova kuukuu ya Bwana Alnoor Karmali, mwenye duka la vitambaa, ilikuwa imeegeshwa uani. Injini yake ya zamani ilikufa, na vipuri havikupatikana hata kwa dawa, kwa hiyo wiki iliyotangulia walikuwa wameifungia injini nyingine, ambayo Abrahamu ndiye aliyeitafuta. Sasa gari lilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Kila ikifika saa saba mchana, fyuzi zinaungua na betri inakufa.

"Shoti hiyo," alisema Abrahamu. "Kuna waya umebanwa wakati wa kufunga injini. Siku mbili naumaliza."

Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa ya haki. Bibiana alikuwa kwetu kijijini Maramba, kwa mama, ana mimba ya miezi tisa. Mimba zake mbili za kwanza zote ziliharibikia njiani, uchungu umeshika na gari hakuna. Daktari alishamwonya kwamba safari hii awe mjini mapema. Bwana Alnoor aliposikia alisema, "Itengeneze tu, Abrahamu. Alhamisi ichukue, na petroli yangu, ukamlete mkeo." Mtu mwema yule, simsemi vibaya.

Jumanne nilikaa nikamtazama akifanya kazi. Alichomoa waya mnene kwenye betri, kisha katikati ya waya na betri akaunganisha kijitaa chake cha kupimia. Kila kitu kwenye gari kimezimwa, kwa hiyo kijitaa kikiwaka maana yake umeme unavuja mahali. Unachomoa waya mmoja mmoja. Ule utakaokizima ndio mwizi wako.

Akachomoa wa taa za mbele. Kinawaka. Wa honi. Kinawaka. Wa dinamo, wa stata, wa swichi ya ufunguo. Kinawaka. Kufikia saa saba nyaya zote zilikuwa zinaning'inia nje kama matumbo ya kuku.

"Labda kuna mmoja umeusahau," nikamtania.

"Labda uangalie mihogo yako isiungue," akanijibu.

Kisha akakitoa kijitaa kwenye betri. Akakishika mkononi. Ncha zake zote mbili zilikuwa hewani, hazigusi kitu.

Kinawaka.

Hilo nililiona mimi. Kilikuwa kinafifia, kinang'aa, kinafifia tena, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Alipokisogeza karibu na injini, kiling'aa zaidi.

Sadalla, mkubwa wa gereji, alikuja akasimama nyuma yetu. Aliuliza kwa sauti ya chini sana.

"Injini hii umeitoa wapi?"

"Nilikwambia. Kwenye pampu ya maji, shamba la mkonge."

"Weye Abrahamu, hebu nitazame."

Abrahamu hakumtazama. Alikuwa anafuta kwa tambara koleo lake lililokuwa safi tayari.

Pale gerejini kulikuwa na mila yao. Injini iliyotoka kwenye gari lililoua mtu haifungwi hivi hivi. Inalazwa chini siku saba, inasomewa kisomo, watoto wa mtaani wanapikiwa wali wa sadaka, ndipo inaguswa. Mafundi Wakristo nao walifuata, hata kama walicheka pembeni. Sadalla alipoondoka, nilimvuta shemeji kando ya jiko langu.

"Niambie kweli."

Akaniambia. Injini ilitoka kwenye gari lililopinduka saa saba mchana kwenye mteremko wa kwenda Amani. Lilikuwa linampeleka hospitali mwanamke mwenye uchungu.

"Akafa?"

"Wote wawili. Yeye na mtoto wa tumboni." Akanishika mkono. "Siku saba, Ritha! Bibiana hana siku saba. Ningesema, wangeiteremsha."

Ilinipasa niende kwa Sadalla saa ile ile. Sikwenda. Nilimfikiria dada yangu, nikanyamaza, na ukimya huo ni wangu, simtupii mtu. Saa nane kijitaa kilizima chenyewe. Abrahamu akarudisha nyaya, akawaambia watu shoti kaipata.

Ya Alhamisi nawapa kama alivyonipa yeye.

Saa nne asubuhi alikuwa ameshafika Maramba. Uchungu wa Bibiana ulikuwa umeanza. Mama miguu ilikuwa imemvimba, hakuweza safari, wakatandika godoro nyuma na kumsaidia Bibiana kupanda. Bibiana aliweka mguu mmoja ndani, akasita.

"Mwambie dada huyu asogee kidogo," alisema.

Abrahamu akachungulia. Godoro lilikuwa tupu. Akajiambia ni uchungu unaomsumbua, akafunga mlango.

Walikwama njiani mara mbili kwenye tope, muda ukaenda. Saa saba walikuwa katikati ya shamba la mkonge lililoachwa, hakuna nyumba wala mpita njia, na gari likazima. Harufu ya mpira unaoungua ikajaa ndani. Aliruka, akafungua boneti, akakuta nyaya zinatoa moshi. Akauchomoa waya wa betri kwa mikono, vidole vikaungua.

Nyuma Bibiana alipiga ukelele. Abrahamu hakujua aende kwa mke au abaki na gari. Bila gari watakufa huko huko. Akabaki. Akaanza kupapasa waya mmoja mmoja.

Ndipo akasikia mnong'ono.

"Sukuma."

Haikuwa sauti ya mkewe.

"Sukuma, mwenzangu."

Alitaka kwenda. Badala yake akaushika waya wa betri kwa nguvu zaidi. Kisha mtoto akalia.

Injini ikawaka. Waya wa betri ulikuwa bado mkononi mwake.

Walipofika hospitali mimi nilikuwa nawangoja mlangoni. Muuguzi, Elizabeti, alimpokea mtoto, wa kiume, mzima. Akamfunua akauliza, "Nani kafunga kitovu?" Kilikuwa kimefungwa kwa kisuko chembamba cha nywele ndefu. Dada yangu nywele zake ni fupi. Elizabeti alikikata kile kisuko, akafunga kwa uzi safi.

Tukamchukua Bibiana na mtoto hadi nyumbani Chumbageni. Abrahamu, mikono imefungwa bandeji, alikwenda kwa Sadalla akakiri yote. Injini ikateremshwa. Bwana Alnoor akatoa mchele wa sadaka. Kisomo kikapangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Lakini sisi tulikuwa na hofu nyingine. Maziwa ya Bibiana hayakutoka. Hata tone. Maziwa ya kopo nilizunguka mji mzima nisiyapate, na yale niliyopewa na jirani mtoto aliyatema. Nilijua tutamzika. Nilikuwa nalia jikoni wasinione.

Alhamisi iliyofuata tulimpeleka mtoto kliniki. Elizabeti akamweka kwenye mizani, akamweka tena. Alikuwa ameongezeka.

"Mnampa nini?" akauliza, anafurahi.

Nilimtazama Bibiana. Aliinamisha uso.

Mchana ule nyumbani nilimbana. Akaninong'oneza, macho yake yakiwa mlangoni.

"Yule dada wa garini alipomtoa mtoto hakunipa, Ritha. Alimkumbatia tu. Nikamwahidi tutamnyonyesha kwa zamu, ndipo akanipa."

"Zamu?"

"Yangu bado haijafika. Mwambie Sadalla asisome kesho. Akimfukuza, mwanangu atakula nini?"

Niliogopa kisomo kisomwe, nikaogopa kisisomwe. Nikaingia chumbani, dirisha limefungwa, nikamkuta mtoto peke yake kitandani, ameshiba, amelala. Pembeni ya mdomo wake palikuwa na maziwa. Niliyafuta kwa kidole. Yalikuwa bado ya moto.