Ziwa Langu na Ziwa la Rukaiya

Kisiwa chetu cha deltani kina maziwa mawili. Mimi nalima mpunga kando ya Ziwa Dogo. Mke mwenzangu, Rukaiya, analima kando ya Ziwa Kubwa. Mume wetu, Salumu, ndiye aliyegawa hivyo.

Mwaka juzi kiangazi kilikuwa kikali. Ziwa langu likabaki tope. La Rukaiya bado lina maji, na kitalu chake cha mpunga kijani kibichi. Kila nikipita pale roho inaniuma.

"Dada, mbona hunisalimu?" ananiuliza.

"Nimekusalimu kimoyomoyo."

Siku ya bamvua, maji ya bahari yalipanda sana kwenye mkono wa mto. Nikachukua jembe, nikakata tuta linalotenga mto na ziwa langu. Maji yakaingia mbio, ziwa langu likajaa hadi kitaluni. Nikamwita Rukaiya aje aone!

Akachovya kidole, akaonja. "Dada, hii chumvi."

"Huo wivu," nikamjibu.

Siku ya nne miche yangu yote ilikuwa imeungua. Mbegu nyingine sina.

Bibi shamba, Warda, akaja na boti. "Mama Huseni, nani kakata tuta?"

"Panya," nikasema.

"Panya mwenye jembe," Rukaiya akadakia.

Warda akacheka, kisha akatueleza. "Kiangazi mto hauna nguvu, bahari inapanda. Masika mto unajaa, unaisukuma bahari nyuma. Zibeni tuta, mweke mlango wa mbao. Mto ukijaa, onjeni kwanza. Maji yakiwa matamu, fungueni, yaoshe chumvi. Yakianza kugeuka, fungeni."

Tuta nilisaidiwa kuziba na Rukaiya; mlango nikautafutia fundi mwenyewe. Akanipa na pishi mbili za mbegu. Nikazipokea huku nimeuma meno.

Masika tukaonja, tukafungua. Tukayaacha maji yaingie na kutoka mara tatu, ndipo nikasia mbegu. Nilivuna magunia sita.

Kiangazi kilichofuata ziwa langu halikukauka. Lililopungua ni Ziwa Kubwa. Rukaiya akaja, akautazama mlango wangu kwa muda mrefu.

"Dada, fundi wako nani?"

Nikakwangua tope mlangoni kwanza, nione anavyonuna. Kisha nikamwambia ni Maneno, yule fundi wa jirani na msikiti.

Siku hizi maziwa yote mawili yana mlango, na maji tunayo. Ila mlango wa Rukaiya ni wa mninga. Wangu ni wa mwembe. Nimeshamwambia Salumu.