Magoti ya Kashindye

Huyu ni Kashindye. Na hii ni baiskeli yake nyekundu.

Zamani ilikuwa ya dada zake pacha, Kulwa na Doto. Kiti kina kitambaa chenye matamvua marefu. Bibi alikifuma mwenyewe, na hakuna anayethubutu kukivua!

"Kesho tunakwenda kumwona mtoto wa Shangazi," alisema Kulwa. "Ukiweza kupanda kilima bila kushuka, twende wote."

Kashindye alitamani sana kwenda. Alikuwa hajawahi kushika kidole cha mtoto mchanga.

Akajaribu kilima. Swii, swii, swii…

*Goti juu, goti chini,*
*kilima hiki kina nini?*

Magoti yalipanda mpaka karibu na kidevu. Mapaja yakawaka moto. Akashuka katikati ya njia, machozi yakimlengalenga.

"Labda upepo umepungua," alisema Doto. Akajaza upepo. Fyu! Fyu!

"Labda mnyororo umekauka," alisema Kulwa. Akatia mafuta. To! To! To!

Kashindye akajaribu tena.

*Goti juu, goti chini,*
*kilima hiki kina nini?*

Wapi! Akashuka palepale.

Jioni alikula ugali akiwa amekaa kwenye kigoda chake kidogo. Alipotaka kuinuka… hnnn! Kazi kweli kweli.

Akakaa kwenye kiti cha Mama. Akainuka. Hop! Rahisi.

"Mama, kwa nini kigoda kinanisumbua?"

"Umerefuka, mwanangu. Miguu ikikunjika sana, haipati nguvu."

Kashindye akatazama magoti yake. Akafikiri. Akakimbilia baiskeli yake.

Akainua matamvua ya Bibi, akachungulia.

"Mama! Kiti kimezama chini kabisa!"

Kumbe kilikuwa vilevile tangu Kashindye alipokuwa mdogo. Matamvua yalikificha, na wote hawakuona!

Mama akaleta spana, akalegeza nati ya kiti. Kriki, kriki. Akainua kiti juu, juu, juu!

Kashindye akapanda. Miguu ikaning'inia. Akayumba huku, akayumba kule. Pu! Mchangani.

"Hapo tumezidisha," alicheka Mama. Kriki. Akashusha kidogo.

"Weka kisigino kwenye pedali ya chini. Mguu umenyooka?"

"Umenyooka!"

"Haya, sasa kanyaga kwa mbele ya unyayo."

Goti likakunjika kidogo tu. Aa, raha!

Asubuhi, pacha walitangulia. Kashindye akafuata. Swii, swii, swii…

*Goti juu, goti chini,*
*nani huyo kileleni?*

"Ni mimi!" alipiga kelele Kashindye. Kling, kling!

Kwa Shangazi, alinyoosha kidole chake. Mtoto akakishika. Hakukiachia!

Usiku, Mama alimfunika Kashindye shuka. Vidole vya miguu vikachungulia nje.

Mama akavuta shuka chini. Mabega yakabaki wazi.

Kashindye akavitazama vidole vyake. Akapiga mwayo.

"Mama," alinong'ona, "nati ya shuka iko wapi?"