Aliyeonwa na Mbwa

Justa ni mtoto wa mama yangu mdogo. Anakaa Pasiansi, kando ya ziwa, anauza katika duka la dawa, na kama kuna kiumbe alichokipenda duniani ni mbwa wake. Alimwita Hayawahusu, kwa kifupi Haya, maana majirani hawakuisha kumwuliza mwanamke asiye na mume anafuga mbwa wa nini. Kila alipomwita kwa sauti, majirani walipata jibu lao.

Jumapili moja baada ya misa, kaka yake Luhaga, anayetunza vyombo vya majini vya hoteli moja ya ufukweni, alimpa kayaki akazunguke. Ziwa lilikuwa limetulia tuli. Justa alikaa nyuma na kasia lake, Haya akakaa mbele ulimi nje, kama mjumbe wa nyumba kumi anayekagua mtaa wake. Minandi, wale ndege weusi wala samaki, walikuwa wameanika mbawa juani. Justa aliimba nyimbo za kwaya mpaka zikamwishia.

Walipokizunguka kisiwa cha mawe, mbwa akasimama. Hakubweka. Aliinamisha shingo akalamba kitu majini.

Kilikuwa kiganja cha mtu.

Mwanamume, kifudifudi kati ya magugumaji, shati la bluu limevimba mgongoni. Sasa, wavuvi wa pale wana sheria ambayo hata watoto wanaijua: maiti ya majini haipitwi. Ukiikuta unaifunga kamba, unaivuta hadi nchi kavu. Ukishindwa, unaigusa kwa kasia na kuiambia unakwenda kuleta watu. Na unawaleta kweli. Justa alikulia pale, sheria aliijua. Lakini aliyajua pia maswali ya polisi: ulimkuta wapi, ulikuwa na nani, njoo kesho, njoo keshokutwa. Hofu ikamshinda, akageuza kayaki.

"Mimi sijamwona," alinong'ona. "Twende, Haya."

Kurudi, kayaki ilikuwa nzito. Upepo hakuna, wimbi hakuna, lakini kila akipiga kasia ni kama anachota udongo. Mbwa alikuwa amegeuka, anatazama nyuma ya mabega ya Justa. Akanguruma kidogo. Akaacha. Kisha akatikisa mkia, polepole, kama kwa mgeni aliyekwisha kumpapasa kichwa.

Justa hakugeuka.

Ufukweni, mzee mmoja mvuvi, Machibya, alikuwa anashona nyavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona huyo mbwa hatoki majini?"

Haya alikuwa amesimama, maji yakimfika kifuani, macho ziwani.

"Anacheza tu."

Mzee akaweka sindano chini. "Hamjampita mtu huko?"

"Hatujampita, babu."

Mzee alimtazama, akarudia nyavu zake. Laiti Justa angesema ndiyo pale pale, mambo yangeishia hapo. Lakini uoga ukishatangulia, ulimi hufuata.

Alimburuta mbwa hadi nyumbani, akamfunga mnyororo uani. Haya hakula, hakunywa. Jua lilipoanza kushuka, Justa akatoka kumwangalia. Mnyororo ulikuwa chini. Mkanda wa shingoni haukukatika. Ulikuwa umefunguliwa vizuri, kwa vidole.

Alikimbia ufukweni kandambili mkononi.

"Mbwa wako ameingia majini, anaogelea," mzee alisema. "Nimemwita, hakugeuka. Sasa niambie ukweli."

Justa akamwaga yote huku analia.

"Nani alimwona kwanza?"

"Haya."

"Akamgusa?"

"Alimlamba mkono."

Mzee akafumba macho. "Basi ndiye ndugu yake. Wewe umemkataa, mbwa amemkubali."

Wakachukua boti ya injini, mzee, Luhaga na Justa. Waliwakuta katikati ya njia. Haya alikuwa amekufa, meno yake yameng'ata kola ya shati la bluu. Alikuwa anamvuta mtu wake nyumbani. Hilo Justa angeweza kulibeba. Lakini mkono wa marehemu ulikuwa umemzunguka mbwa shingoni, umembana kifuani, na Luhaga, pamoja na nguvu zake zote, alishindwa kuutoa.

Maswali ya polisi aliyoyaogopa yaliisha kabla chai haijapoa. Ndugu wa marehemu hawakupatikana. Wakazikwa hivyo hivyo, mtu na mbwa, juu kidogo ya ufukwe, ingawa wapo walionung'unika. Justa aliomba msamaha kaburini kwa sauti, mbele za watu.

Asubuhi iliyofuata alifungua mlango ili afagie. Mbele ya kizingiti palikuwa na mchanga wa ziwa, mbichi, na juu yake alama za waliolala. Upande mmoja alama fupi ya mviringo, ya mbwa. Upande wa pili alama ndefu, ya mtu mzima. Katikati pameachwa nafasi, imesawazishwa vizuri. Akafagia. Kesho yake mchanga na alama vikawepo tena. Ameita padri. Amehama nyumba. Mchanga umehama naye.

Mwezi uliopita nililala kwake, nikauona kwa macho yangu. Niligusa ile alama ndefu. Ilikuwa na joto. Nilipopeleka mkono katikati, Justa akanishika kiganja.

"Hapo usiharibu," alininong'oneza. Nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji. "Juzi nilijilaza hapo kidogo. Nilimkumbuka sana Haya."