Jeli Chafu ya Uyole

Ujumbe ulikuwa na maneno mawili: "Kidonda kimefunguka."

Shufaa aliufuta, akashuka kwenye Land Cruiser. Kwa jasusi wa idara yake, maana ilikuwa moja.

Ingia.

Ghala lilikuwa Uyole, nyuma ya maegesho ya malori. Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Mkojo. Dawa ya choo. Kitu kilichooza.

Juzi alikuwa Madibira, kando ya kitanda cha Masumbuko, mkulima wa mpunga aliyeungua mguu kwa mafuta ya moto ya pawatila, lile trekta dogo la kusukuma kwa mikono. Nesi alikuwa amembandika bandeji ya haidrojeli, ile jeli yenye maji inayopoza kidonda na kukisaidia kupona. Pakiti ilikuwa nzuri, ina maandishi ya kigeni.

Chini yake mguu ulikuwa umeoza. Ukakatwa.

Shufaa alisukuma mlango kwa bega, Glock mkononi.



Pampasi zilizotumika, rundo hadi darini. Zilichanwa, jeli ya ndani ikakamuliwa kwenye mapipa na kutiwa rangi ya bluu. Nzi walikuwa wameifunika. Pembeni, mashine ya kufungia pakiti, zilezile za Madibira, bado ilikuwa ya moto.

Mwenye ghala, Fanueli, alichomoka nyuma ya mapipa na panga.

Shufaa aliinama. Panga likapita hewani. Akampiga teke la goti. Fanueli aliyumba, kiganja kikatua kwenye mashine. Alilia kama mbuzi.

Shufaa alimfunga pingu kwenye nguzo.

Redio ikakoroma; alikuwa mwenzake aliyetega barabarani. "Lusekelo hapa. Shehena ya pakiti imeshatoka. Ikivuka mpaka wa Tunduma hatuipati tena, na huku barabarani malori ni mengi. Nitafute lipi?"

"Subiri."

Akamgeukia Fanueli. "Lori liko wapi?"

"Lori gani, dada?"

Shufaa aliokota pakiti, akaichana. Jeli ikaning'inia juu ya kiganja kilichobabuka.

"Umeungua vibaya, kaka. Ngoja nikutibu."

Fanueli alijikunja. "Usinipake hiyo."

"Kwa nini? Pakiti inasema inaponya."

"Dada, nakuomba. Hiyo ni mikojo na mavi ya watoto." Akavuta mkono, pingu ikamzuia. "Liko Mbalizi. Scania nyeupe, turubai la kijani. Dereva anakula."

Shufaa alirudia maneno hayo kwenye redio. Akangoja, pua ameibana kwa mtandio.

"Tumelikamata," Lusekelo alisema. "Limejaa mpaka juu."

Shufaa alitupa pakiti chini. Akafungua chupa ya maji safi, akammwagia Fanueli kwenye kiganja taratibu mpaka polisi walipofika. Hakumtazama usoni.

"Afande, haya mapipa?" askari aliuliza.

"Ushahidi. Vaeni glovu mbilimbili."

Alitoka nje kwenye upepo wa baridi. Mama mmoja wa pale barabarani alikuwa anakaanga chipsi.

"Karibu, mwanangu. Za moto."

"Asante, mama. Leo sili."

Alitema mate, akawasha gari, akaondoka.